Aliyeonja Redio

Watu wa Rwezamenyo, mtaa wetu pale Kigali, walikuwa wakisema kwamba Swafiya hata adhana huisikiliza mara mbili kabla ya kukubali kwamba ni alfajiri. Ukimsalimia, atakutazama kwanza aone unataka nini, ndipo aitikie. Muuza maziwa hakuthubutu kumpimia kabla yeye mwenyewe hajachovya kidole na kulamba. Mimi nilikuwa mpangaji wake, chumba cha nyuma karibu na choo, na kwa miaka yote niliyokaa pale hakuwahi kuniamini hata siku moja kuhusu ndoo yake ya maji. Sikumlaumu, maana ndoo ile nilikuwa nikiitumia.

Mimi ni Révérien, Mrundi wa Ngozi, na kazi yangu ilikuwa mzani. Pale uwanja wa ndege wa Kanombe, kila sanduku lililokwenda kwenye tumbo la ndege lilipita kwangu kwanza. Mtu wa mzani hujifunza kuwatazama watu kwa jicho baya. Anayekuambia sanduku lake ni jepesi, kaza mgongo. Kwa hiyo tuliishi vizuri, mimi na mwenye nyumba wangu, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Babu yake alikuja kutoka Ujiji akiuza chumvi na nguo, akaoa hapa, akafa hapa, lakini wajukuu zake bado waliitwa Waswahili kana kwamba walishuka jana. Mumewe Swafiya alikuwa dereva wa lori, akafia njiani kuelekea Mombasa. Watoto hawakujaliwa. Baada ya eda alianza kukaanga maandazi na kuyauza nje ya mlango wake, na pengine angezeeka na karai lile kama mataifa ya dunia yasingepata hofu.

Mataifa yalikuwa na sababu. Ndege moja kubwa ililipuliwa juu ya Uskoti kwa bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti. Mwaka uliofuata nyingine, iliyokuwa imepakia watu Brazzaville, ikalipuliwa juu ya jangwa. Baada ya hapo wakubwa wakaanza kukutana na kuandikiana, na maagizo yakashuka hadi kwetu Kanombe: kila abiria apekuliwe, na wanawake wapekuliwe na mwanamke. Mkubwa wetu alikuwa mteja wa maandazi. Alikumbuka kwamba mwanamke yule wa Rwezamenyo hamwamini mtu yeyote, akaona hiyo ni sifa ya kutosha.

Swafiya akawekewa meza na pazia la kijani karibu na mlango wa kutokea kwenye ndege. Hiyo ilikuwa 1990, miezi michache kabla ya vita kuanza huko mpakani. Vita vilipoanza, watu wengi walikamatwa mjini kwa kushukiwa kuwa wanawasaidia walioshambulia, na tangu hapo Kigali nzima ikawa na macho kama ya mwenye nyumba wangu. Tofauti ni kwamba yeye alishuku vitu. Mji ulishuku watu.

Mwishoni mwa 1991 tuliletewa mwalimu kutoka Nairobi, Mkenya mrefu aliyeitwa Keith, suti safi, viatu vinavyolia. Alitumwa na hao wanaoshughulikia usalama wa ndege duniani, azunguke nchi hadi nchi akifundisha. Wakubwa aliwafundisha kwa Kifaransa cha kusitasita. Sisi wa mizani na mapazia alitufundisha kwa Kiswahili, na hapo alikuwa mtamu.

"Ndege ikitoka hapa na bomu, haitalipukia Kanombe," alituambia. "Italipukia juu ya watu wa nchi nyingine, hawajui hata Kigali iko wapi. Ndiyo sababu mimi Mkenya nimekuja kwenu. Na ile inatoka kwetu inaweza angukia nyinyi."

Akatueleza kuhusu baruti laini, inayokandika kama unga wa chapati, ambayo mashine hazikuiona kwa urahisi. Akasema Machi mwaka ule nchi nyingi zilikubaliana huko Montreal kwamba viwanda viichanganye na dawa yenye harufu, ili itambulike. Ila ile iliyokwisha kutengenezwa zamani, alisema, bado inatembea bila harufu. Swafiya aliuliza swali moja tu.

"Sasa inayonuka ndiyo nzuri, na isiyonuka ndiyo mbaya?"

"Zote ni mbaya, mama."

"Hapo tumeelewana," alisema Swafiya.

Akatuachia maswali ya kumwuliza kila abiria. Nani amefunga mzigo huu? Umewahi kuuacha peke yake? Kuna mtu amekupa kitu umchukulie? Akatufundisha pia kupiga msalaba wa chaki kwenye mzigo wenye mashaka, ili mwenzako wa mbele auone. Na masanduku yapangwe chini karibu na ndege, kila abiria aguse la kwake kabla ya kupanda. Lisiloguswa libaki.

Maswali yalikuwa mazuri kwa nchi ambayo mtu husafiri na vitu vyake mwenyewe. Kwetu nani alisafiri hivyo? Ukisikika tu kwamba unakwenda Ulaya, mlango haufungwi. Huyu analeta maharage ya dada yake, yule unga wa mtama, mwingine samli ya ng'ombe iliyolazwa mpaka ikawa ngumu na harufu yake inakusalimia kabla ya mwenyewe. Kukataa mzigo ni kumkataa aliyekupa, na kumfungulia mbele yake uone kuna nini ni kumwita mwizi. Basi watu walikuja Kanombe wamebeba ukoo mzima, na Swafiya akiwauliza nani amefunga, wote walijibu: "Mimi mwenyewe, mama." Alichukia. Alikuwa akirudi nyumbani akisema kwamba siku hizi hata masista wanadanganya.

Kisha akaja Alida, naye akasema kweli.

Alikuwa msichana wa chuo, mtoto wa Burundi kama mimi, anarudi Bujumbura. Swafiya alikuta samli kwenye kikapu chake, akamwuliza. Alida akajibu bila kusita kwamba amepewa na baba yake wa ubatizo, anayekaa Gikondo, ampelekee ndugu yake kule. Akamtaja jina. Karibu na nguzo palikuwa na mwanamume aliyeegemea kama kawaida yake, anasafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Huyo alikuwa Mutsinzi. Alitoka ofisi ambayo hatukuwa tukiitaja, na kazi yake pale uwanjani, kama tulivyoambiwa, ilikuwa usalama wa ndege. Sikuwahi kumwona akitazama ndege.

Wiki ileile mke wa yule baba wa ubatizo alikuja uwanjani, ameshika kitambaa cha kichwa mkononi. Mumewe alikuwa amechukuliwa nyumbani. Wale waliomchukua walimwuliza anampelekea nani samli, na ya nini. Mama yule alitaka tu kujua nani pale aliwaambia habari za samli. Swafiya alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mume hakurudi.

Jioni ile hatukuonana mpaka nilipokwenda kuchota maji. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, karai liko kavu.

"Révérien, mimi niliuliza nipate bomu," alisema. "Si mtu."

"Uliuliza ulivyofundishwa."

"Na kesho nitauliza tena. Nikiacha, bomu litapita. Nikiuliza, yule pale kwenye nguzo anakula majibu. Sasa wewe msomi wa mizani, niambie nafanyaje."

Huo ndio mzigo aliobeba tangu siku ile, na sidhani aliwahi kuutua: ndege iondoke salama, na asitajwe mtu mbele ya pazia lake.

Jibu alilipata mwenyewe, na alilipata kwenye kikombe. Katika nchi hii anayekukaribisha kinywaji hukinywa yeye kwanza. Anapiga funda mbele yako, ndipo anakukabidhi, ujue kwamba hakuna sumu. Wanasema kusogongera. Hata maadui wakikaa pamoja, mwenye pombe ataonja. Swafiya akaihamishia desturi hiyo Kanombe. Akaacha kuuliza nani amekupa. Akifika kwenye samli, unga, jibini au sombe iliyokaushwa, ile ya majani ya muhogo, alisema neno moja tu: "Sogongera."

Wengi waligoma mwanzoni. Mwanamke wa Kinyarwanda aliyelelewa vizuri hali mbele za watu. Atakaa na njaa kutwa nzima kuliko kuonekana anatafuna sokoni. Mgeni angeona hofu yao na kudhani wana hatia. Swafiya alijua ni haya, kwa hiyo aliwaingiza nyuma ya pazia na kuwageuzia mgongo, huku akisikiliza. Aliyemeza alipita. Walitoka huko wakijifuta midomo kwa aibu, mabibi wakubwa wenye mikufu ya dhahabu, na mimi nilicheka mpaka mzani ukatikisika. Siku moja Mbelgiji mmoja alipita na soseji za nguruwe. Swafiya aliita askari wa zamu amsimamie, akasimama mbali na meza, akaamuru mzee wa watu aonje mara mbili.

Mutsinzi alibaki kwenye nguzo yake na kucha safi, hapati kitu. Nilifurahi, na niliogopa kwa kufurahi.

Mwalimu Keith aliporudi kutukagua alikuta mambo hayo, na hakucheka. Alimwita Swafiya pembeni, lakini sauti yake ilitufikia.

"Mama, hii si utaratibu. Kuna vitu hailiki. Na redio je? Utailamba?"

"Redio haijaja bado."

"Itakuja. Na ikija usiwashe kabisa. Swichi yenyewe inaweza kuwa ndiyo kilipuzi. Unauliza amepewa na nani, halafu unaita polisi. Basi."

Swafiya alimtazama, kisha akatazama nguzo. Keith naye akageuka, akamwona mtu mwenye njiti. Sijui alielewa kiasi gani. Mkenya naye si mtoto. Alikohoa, akasema tena taratibu zaidi kwamba ndege ni roho za watu wengi, na Swafiya akasema analijua hilo usiku na mchana.

Redio ilikuja Machi 1993, katikati ya Ramadhani.

Mwezi uliotangulia mapigano yalikuwa yamesogea karibu sana na mji, na wakimbizi walikuwa wamelala kwenye matope kaskazini mwa Kigali. Kila aliyeweza kupata nafasi kwenye ndege ya Ulaya aliitaka. Siku hiyo ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa nimetoka nje kuvuta sigara, nikamwona mwanamke wa kitenge cha zambarau anashuka kwenye teksi na mwanamume aliyevaa koti la mvua, na mvua hakuna. Mwanamume akampa redio ya kaseti, kubwa, ya mkono wa chuma. Akamshika mabega, wakasimama hivyo muda. Kisha akarudi ndani ya teksi, hakuingia ukumbini.

Hilo lilinichoma. Kwetu anayekusindikiza hukusindikiza. Ukumbi wa Kanombe ulikuwa na roshani juu yake kwa kazi hiyohiyo, na watu walisimama pale wakipunga mikono mpaka ndege ipotee mawinguni, hata mvua inyeshe. Anayetoa mzigo na kukimbia, huyo anakimbia nini? Nilizima sigara. Mwanamke alipofika kwangu nilisoma jina kwenye tiketi, Épiphanie, nikapima sanduku lake, na kwenye mfuko aliotia redio nikapiga msalaba wa chaki.

Ni baada ya kupiga chaki ndipo sura ya yule mwanamume iliponirudia. Gatera. Alikuwa mwalimu wa hesabu, aliwahi kufundisha watoto wa mtaani kwetu. Alikamatwa Oktoba 1990 na wale wengi, akaachiwa baadaye akiwa nusu ya mtu. Tangu Januari ile watu walikuwa wakimwulizia tena, naye hakulala nyumbani kwake. Mwanamke huyu ana pua yake na kipaji chake. Ni dada yake. Kwa hiyo niliona sababu ya koti la mvua, na niliona kwamba bomu pia linaweza kubebwa na dada wa mtu mwema. Mambo yote mawili niliyaona, na chaki haifutiki mbele za watu.

Swafiya aliiona chaki. Akaitoa redio mfukoni, akaiweka mezani polepole.

"Nani amefunga mzigo huu?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Redio hii iko yako?"

"Yego. Ni yangu."

"Betri zinaingia wapi?"

Épiphanie aliigeuza redio huku na huku. Akabonyeza pasipofunguka. Nyuma yake watu wakaanza kunyoosha shingo, mmoja baada ya mwingine. Mutsinzi akaitupa njiti yake.

"Mama, basi niiache," alinong'ona Épiphanie. "Mimi niende tu. Niiache hapa."

"Kwa nini uiache, madamu?" Mutsinzi alikuwa amekwisha fika. Alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kiti. "Kitu yako, unaiacha kwa nini? Ama si yako? Sema tu nani alikupa. Mtu akupe zawadi nzuri hivi, halafu hata jina yake hutaki kusema?"

Épiphanie alitazama chini. Nilijua kuna jina moja tu mdomoni mwake, na nilijua likitoka Gatera hataiona jioni. Lisipotoka, yeye mwenyewe hapandi ndege, na huko watakakompeleka litatoka tu. Nilimtazama Swafiya. Alikuwa anaikagua redio kwa macho yaleyale aliyoyatumia kwenye maziwa. Hakumfahamu mwanamke huyu. Hakuwahi kumwona.

"Nani alikupa?" Mutsinzi akarudia.

"Ni mimi, shefu," alisema Swafiya.

Hata mimi niligeuka kutazama kama kuna Swafiya mwingine.

"Wewe?"

"Mimi. Nina mtu wangu Ulaya namtumia. Nilimkataza huyu asiseme, maana sisi wa kazi haturuhusiwi kutuma kitu. Amenisitiri tu, maskini."

Mutsinzi alitabasamu kidogo. Hakuamini hata herufi moja. Mtu wa kazi yake hahitaji kuamini, anahitaji tu kujua uongo umeanzia wapi.

"Basi sawa," alisema. "Iko yako, unaijua. Iwashe tusikie."

Alipokwisha sema hivyo alirudi nyuma hatua mbili. Ukumbi wote uliona. Mtu yule wa usalama wa ndege, kwa mara ya kwanza, alikumbuka bomu.

"Si hapa," alisema Swafiya. "Hapa kuna watoto."

Akaibeba redio kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango wa ndege. Askari wa mlangoni alimpisha bila kuulizwa. Sisi tulisogea kwenye vioo. Alipita masanduku yaliyopangwa chini, akapita gari la zimamoto, akaingia kwenye majani marefu ya pembeni ambako hakuna kitu ila kware. Alitembea bila haraka, ushungi wake mweupe unapepea. Nilisema Salamu Maria nikaisahau katikati.

Nilimtazama Épiphanie. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, hata saa ile sikuiacha. Nilitaka kuona kama ataziba masikio. Hakuziba. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo, machozi yanatiririka, na sikuweza kujua kama analia kwa sababu anajua kitu au kwa sababu hajui.

Kule majanini Swafiya alichutama. Akaiweka redio chini. Mdomo wake ulicheza, nadhani alipiga shahada. Kisha akanyoosha mkono.

Tulisikia sauti ya mwanamke. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, na upepo ulituletea vipande tu kupitia mlango uliobaki wazi: familia ya fulani wa Kicukiro inawatangazia ndugu na marafiki, mazishi ni kesho, waliopo mbali wajulishwe. Sijawahi kufurahi namna ile kusikia habari za msiba. Swafiya hakuizima upesi. Alisikiliza tangazo hadi mwisho, kwa adabu, akiwa amechutama, ndipo akaizima na kurudi.

Aliipitisha mezani hadi kwa Épiphanie.

"Imeonjwa. Pita, binti yangu."

Kisha akamgeukia Mutsinzi. "Redio haivunji swaumu, shefu."

Mutsinzi akacheka, tena kwa kupenda. "Ukimaliza zamu nitakungoja hapa chini," alisema. "Una mtu Ulaya, hukuwahi kutuambia. Tutaongea."

Épiphanie alitaka kusema kitu. Swafiya alimsukuma kidogo mgongoni, kama anavyosukumwa mtu anayezuia mlango, na alikuwa amekwisha mwita anayefuata. Mwanamke alikwenda. Nilimwona akiligusa sanduku lake pale chini, kisha akapanda ngazi bila kugeuka nyuma. Nilimshukuru kwa kutogeuka.

Abiria walipokwisha, Swafiya alikunja pazia lake vizuri, akapanda kwenye roshani. Nilimfuata. Mutsinzi naye alikuja, akasimama chini ya ngazi.

"Unafanya nini huku juu?" nilimwuliza.

"Si nimetoa mzigo? Mwenye mzigo husindikiza."

Ndege ilikuwa inanguruma mwisho wa njia. Niliuliza swali lililokuwa linaniwasha. "Ulijua kwamba iko salama? Ulimwamini yule?"

"Nimwamini wapi? Mtu hajui betri ya redio yake." Alikuwa amekasirika kweli. "Kama ningemwamini, Révérien, ningeionja ya nini?"

Ndege ikapaa. Swafiya akainua mkono akapunga, akaendelea kupunga, wengine wote pale juu wakipunga pia. Mutsinzi alikuwa na haraka, lakini hata yeye hakuthubutu kumkatiza mtu anayesindikiza. Alingoja. Ilipopotea kabisa, Swafiya alinipa ufunguo wa nyumba.

"Uji wa futari uko kwenye sufuria," alisema. "Maghribi ikiadhiniwa kula, usiningoje."

Sikula. Nilikaa na sufuria ile mpaka uji ukaganda, na jirani akaja kuuchukua awape kuku.

Alirudi muda mrefu baada ya Idi. Alikuwa amekonda, bega moja limeshuka kuliko jingine, na kazi hana. Swafiya akiwa bado kifungoni, Mwalimu Keith alikwisha pita akasikia habari zote. Aliniambia mama yule alivunja kila kitu alichofundishwa, kisha akaniuliza amefungwa wapi, nani wa kumwandikia. Sikumjua wa kumwandikia.

Nilidhani mtaa utampokea kwa vigelegele. Nilikuwa nimesahau tulikuwa mji gani, mwaka gani. Watu wakahesabu kwa njia yao: wengi wakiingia kule hawatoki, huyu ametoka, basi ametoa nini? Waliokuwa wakimnong'onezea habari wakawa wanavuka njia. Aliweka karai lake mlangoni kama zamani, maandazi yakanukia mtaa mzima, na watu wakapita wakinunua kwa mwingine, aliyekuwa anayaunguza. Hata mimi, nisiseme uongo, nilijiuliza. Nililala kitanda kilekile karibu na choo nikijiuliza.

Kisha Mrundi mwenzangu aliyetoka Bujumbura akaniletea salamu za Gatera. Gatera mwenyewe alikuwa amevuka mpaka wiki mbili baada ya ndege ile. Wiki mbili zote alikuwa hapahapa Kigali, kwenye chumba cha rafiki mtaa wa Gisimenti, na hakuna mtu aliyekuja kumwulizia. Dada alikuwa ameandika amefika. Redio inafanya kazi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye karai. Swafiya alikuwa amekaa kwenye kigoda, nzi wanazunguka bakuli lililojaa. Nilimwambia nataka andazi. Alinitazama kwanza, aone nataka nini hasa. Kisha akachukua moja, akalimega, akatia kipande kinywani mwake, akatafuna pale njiani mbele za watu wote wanaopita, akameza. Ndipo akanipa lililobaki.

"Dada, kwangu hakuna haja ya kuonja," nilisema.

"Iko haja," alisema Swafiya. "Kula."